Noti Iliyostaafu: Namna ya Kuisoma, Kuitunza na Kuikusanya

Tarehe 5 Aprili 2025 muda uliisha. Kwa miezi mitatu, tangu 6 Januari, Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imewataka wananchi wapeleke benki noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, kuanzia za shilingi 20 mpaka za 10,000, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010, wabadilishiwe. Baada ya siku hiyo noti hizo hazinunui hata kiberiti. Lakini nyumba nyingi ziligundua zilichonacho wakati dirisha limeshafungwa: noti mbili tatu ndani ya msahafu au Biblia ya bibi, nyingine chini ya kasha la nguo, nyingine kwenye bahasha ya mchango wa harusi ya zamani.

Swali ninalolisikia kila mara ni moja: "Hii itaniletea shilingi ngapi?" Ni swali halali, lakini limewahi mno. Noti iliyoondolewa kwenye mzunguko haina tena bei iliyochapwa juu yake. Bei yake sasa inatokana na mambo mawili: ni noti gani hasa, na karatasi yake iko katika hali gani. Asiyejua la kwanza atauza kwa hasara au atanunua takataka. Asiyejua la pili ataiharibu noti kwa mikono yake mwenyewe akidhani anaitengeneza. Makala haya yanakusudia kukupa yote mawili, na mfano wangu mkubwa utakuwa noti za Tanzania, kuanzia zile za kwanza za mwaka 1966.

Anza kwa kusoma rangi na picha

Juni 1965 Kenya, Uganda na Tanzania zilitangaza kwamba kila nchi itaanzisha benki kuu yake. Hadi wakati huo zote zilitumia shilingi moja, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na mwaka huohuo nchi ikapata noti zake za kwanza: shilingi 5, 10, 20 na 100.

Ziweke noti hizo mezani, au picha zake kama huna zenyewe, uanze na rangi. Ya 5 ni ya kahawia, ya 10 ni kijani, ya 20 ni buluu, ya 100 ni nyekundu. Rangi hizo zilirithiwa kutoka kwenye fedha iliyotangulia. Noti za mwisho za Bodi, zile za 1964 zenye picha ya chombo cha tanga, zilipangwa kwa rangi hizohizo kwa thamani hizohizo. Kwa hiyo mkulima wa pamba wa Usukuma ambaye hakujua kusoma hakulazimika kujifunza upya noti ipi ni ipi. Sura ya mbele ilibadilika, rangi aliyoizoea ikabaki. Uganda, kwa upande wake, ilipanga rangi zake upya mwaka huohuo. Ukiweka noti za nchi mbili hizo pamoja unaona maamuzi mawili tofauti kuhusu jambo lilelile.

Mbele, upande wa kulia, yuko Mwalimu Nyerere akiwa bado kijana. Kuna pia nembo ya taifa. Ichukulie kioo cha kukuzia na uiangalie kwa utulivu: mwanamume na mwanamke, Mlima Kilimanjaro, pembe za ndovu, na miguuni mwao vichaka viwili, cha karafuu na cha pamba. Muungano ulikuwa na umri wa miaka miwili tu, na nembo hiyo ndogo ilikuwa inausema kwa mazao ya pande zote mbili. Kisha inua noti kwenye mwanga. Katika nafasi iliyoachwa wazi kitajitokeza kichwa cha twiga. Hiyo ndiyo alama ya maji, picha iliyotengenezwa ndani ya karatasi yenyewe wakati inaundwa, kabla ya wino wowote kugusa. Noti za Bodi za 1964 zilikuwa na kifaru mahali hapo.

Sasa geuza nyuma, kwa maana nyuma ndipo nchi ilipojieleza. Shilingi 5 ina mandhari ya mlima. Shilingi 10 ina mkonge unaoanikwa. Picha hiyo ilikuwa na sababu kubwa: wakati noti inabuniwa, Tanganyika ilikuwa ndiyo inayoongoza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulizidi tani 200,000. Noti ilipokuwa bado mpya mifukoni, nyuzi za viwandani zilianza kuangusha bei ya mkonge, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Mwenye noti hiyo leo ameshika picha ya zao katika kilele chake, iliyochapwa muda mfupi kabla ya kuporomoka.

Shilingi 100 ndiyo inayowasumbua wakusanyaji zaidi. Ya kwanza nyuma yake ina mchungaji wa Kimaasai pamoja na wanyama. Baadaye ikatolewa nyingine ya rangi ileile nyekundu, yenye thamani ileile na mbele ileile, lakini nyuma ina wanyama tu. Mtu asiyegeuza noti hataona tofauti kabisa, na tofauti hiyo ni kubwa sokoni: ile yenye mchungaji ni adimu kuliko mwenzake. Kwa hiyo kundi la 1966 lina thamani nne lakini migongo mitano. Katika orodha ya kimataifa iliyoanzishwa na Mjerumani Albert Pick, ambayo wakusanyaji wa dunia nzima huitumia kutambulisha noti, migongo hiyo imepewa namba P1 hadi P5. Jifunze namba hizo. Zitakuokoa kwenye mazungumzo na muuzaji yeyote, awe Kariakoo au Hamburg.

Sahihi ndiyo tarehe

Utatafuta mwaka kwenye noti hizo za kwanza na hutauona. Hazikuchapwa tarehe. Usikubali basi mtu anayekuambia "hii ni ya 1966" bila kukuonyesha kwa nini, maana aina hiyo iliendelea kuchapwa kwa miaka kadhaa. Jibu liko kwenye sahihi mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana.

Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei, aliyeshika nafasi hiyo kuanzia 1966 hadi 1974. Akafuata Charles Nyirabu, aliyekaa mpaka 1989. Waziri wa Fedha wakati benki inafunguliwa alikuwa Amir Jamal, mpaka 1972, kisha Cleopa Msuya mpaka 1975, kisha Jamal tena. Panga majina hayo kwenye jedwali dogo na hesabu inajifanya yenyewe. Ukiona Jamal na Mtei pamoja, noti yako ni ya kipindi cha 1966 hadi 1972. Ukiona Msuya na Mtei, ni ya 1972 hadi 1974. Ukiona Msuya na Nyirabu kwenye noti hizo za kwanza, ni ya 1974 au 1975.

Kuna mtego mmoja mzuri. Mtei aliyekuwa gavana alikuja kuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1977 hadi 1979. Kwa hiyo sahihi ya mtu mmoja inaweza kukaa upande huu katika noti moja na upande ule katika nyingine. Soma cheo kilichoandikwa chini ya sahihi kabla ya kuamua. Na katika toleo la mwishoni mwa miaka ya 1970 angalia pia lugha: jina la benki linabaki kwa Kiswahili pekee.

Zoezi hili si la wataalamu. Mtoto wa darasa la saba aliye na kioo cha kukuzia na orodha ya mawaziri anaweza kulifanya, na akilimaliza atakuwa amejifunza historia ya serikali ya nchi yake bila kufungua kitabu cha mtihani.

Ngazi ya thamani inaeleza maisha

Baada ya kusoma noti moja, soma mfululizo. Kuanzia 1966 mpaka toleo la 1985, lile lenye Mwalimu aliyezeeka kidogo, noti kubwa kabisa nchini ilikuwa ya shilingi 100. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na mwaka uliofuata nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na thamani ya shilingi ikashushwa. Noti zikafuata. Shilingi 200 yenye wavuvi ikaja 1986. Shilingi 500 ikaja 1989. Shilingi 1000 ikaja 1990. Mwaka 1995 zikaja za 5000 na 10,000. Katika miaka kumi tu, noti kubwa kabisa ilipanda kutoka 100 hadi 10,000.

Upande wa chini wa ngazi nao ulikuwa unaliwa. Kila bei zilipopanda, noti ndogo iligeuzwa sarafu: shilingi 5 katika miaka ya 1970, 10 katika miaka ya 1980, 100 katikati ya miaka ya 1990, 200 mwaka 1998, na jero, shilingi 500, mwaka 2014. Mkusanyaji makini anaweka noti na sarafu iliyoiua pamoja, ukurasa mmoja. Ukurasa huo unamweleza mgeni mfumuko wa bei haraka kuliko hotuba ya mchumi.

Yapo mafunzo ya kununua hapa. Noti ndogo zilizunguka sana: sokoni, kwenye daladala, kwenye upindo wa kanga. Zilichakaa, zikarudishwa benki, zikateketezwa. Ndiyo maana shilingi 5 ya 1966 ambayo haijawahi kukunjwa ni ngumu kuipata, ingawa zilichapwa nyingi. Noti kubwa za mwanzo zina sababu nyingine ya uhaba: shilingi 100 mwaka 1966 ilikuwa pesa nyingi, na ni wachache walioweza kuiweka kando kwa mapenzi tu. Kwa upande mwingine, noti za miaka ya 1990 na za 2003 zilizochakaa ziko nyingi mno. Ukiwa na buku, yaani noti ya 1000, la Mwalimu la 2003 lililolegea kama kitambaa, lihifadhi kwa kumbukumbu, usilitegemee kulipa ada ya shule.

Chagua njia moja, uifuate

Kosa linalowapotezea watu fedha ni kununua kila kinachopita. Kabati linajaa, maarifa hayaongezeki. Chagua swali moja ambalo mkusanyiko wako utalijibu, na kila noti unayoinunua iwe sehemu ya jibu. Nakupa njia tatu ambazo anayeanza anaweza kuzimudu.

Ya kwanza ni migongo mitano ya 1966. Ni kundi dogo lenye mwanzo na mwisho. Nne utazipata kwa subira; ya tano, ile yenye mchungaji, iache iwe lengo la miaka.

Ya pili ni Zanzibar katika noti za Muungano, njia ambayo sioni wengi wakiifuata na inastahili. Imo karafuu katika nembo ya 1966. Noti ya shilingi 500 ya 1989 ina pundamilia mbele na uchumaji wa karafuu nyuma. Ile ya 1000 ya 1990 inaweka mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliokuwa wakati huo katika Mkoa wa Mbeya, pamoja na mlango wa benki ya Unguja, bara na visiwani kwenye karatasi moja. Ile ya 2000 ya mwaka 2003 ina simba mbele na Ngome Kongwe ya Unguja nyuma. Noti ya 500 ya toleo la 2010 ndiyo iliyomleta Sheikh Abeid Amani Karume mbele. Ukizipanga kwa miaka unaona Zanzibar ikitoka pembezoni mwa noti, ikihamia nyuma yake, na hatimaye kukaa usoni. Hakuna hata moja kati ya hizo nne inayokubaliwa tena dukani ikiwa ni ya matoleo hayo ya zamani, kwa hiyo mwenye nazo sasa ana mkusanyiko, hana akiba.

Ya tatu ni jirani kwa jirani. Chukua noti za Kenya, Uganda na Tanzania za 1966 uziweke bega kwa bega, kisha endelea kila muongo. Utaona nchi tatu zilizotoka mfuko mmoja zikijibu kwa njia tofauti swali la nani awekwe kwenye fedha. Kenya ilikuja kulijibu kwa sheria: Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na noti zilizotolewa 2019 zimefuata agizo hilo. Tanzania imechanganya viongozi wake wawili waasisi na wanyama wa mbuga.

Njia yoyote utakayoichagua, usisahau fedha ya leo. Mapema mwaka 2025 zilianza kutoka noti zenye sahihi ya Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa wakati huo, na Gavana Emmanuel Tutuba. Ukipata noti mpya ambayo haijakunjwa, iweke moja moja kwa kila thamani, wakati bei yake ni ileile iliyoandikwa juu. Waliofanya hivyo mwaka 1966 ndio wanaotafutwa sasa.

Noti za kale zaidi: penda kwa tahadhari

Kabla ya 1966 kuna ulimwengu mwingine, na utakuvuta. Ingia ukijua unachokitazama.

Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia kuanzia mwaka 1908, zenye jahazi na wachumaji wa karafuu. Zilikoma mwaka 1936 Zanzibar ilipojiunga na Bodi ya Sarafu, kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia. Zilizobaki ni chache sana duniani na huuzwa kwenye minada mikubwa. Mtu akikuletea moja mtaani kwa bei ya kutupa, dhana ya kwanza iwe kwamba ni nakala.

Kwa upande wa bara, Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa noti za rupia kuanzia 1905, zilizochapwa vizuri nchini Ujerumani. Ile ya rupia 5 ina simba. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, noti hazikuweza kuletwa tena. Utawala ukachapa za muda hukuhuku, kwanza Dar es Salaam kisha Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na kufikia 1917 nyingine zilipigwa kwa mihuri ya herufi za mpira porini wakati majeshi yanarudi nyuma. Hizi za vita ni mbaya kwa sura na ni tajiri kwa historia: unaweza kuona ubora wa karatasi ukishuka mwaka hadi mwaka jinsi vita vilivyokuwa vikibana. Ile ya rupia 1 ilichapwa kwa wingi, na bado anayeanza anaweza kuimudu. Hii ndiyo noti ya kale ninayompendekezea mtu wa kipato cha kawaida.

Noti za Bodi ya Sarafu, zenye Mfalme George wa Tano, George wa Sita na Malkia Elizabeth, zina utajiri wao. Nyingi kati yake zimechapwa tarehe kamili, jambo linalorahisisha kazi. Anza na za shilingi 5 na 10 za Malkia au zile za 1964 zenye chombo cha tanga. Thamani kubwa, ambazo zilifika mpaka shilingi 10,000 zilizoandikwa pia kuwa pauni 500, waachie wenye uwezo wa kununua kiwanja.

Hali ya karatasi ni nusu ya bei

Noti mbili za aina moja, sahihi moja, zinaweza kutofautiana bei mara nyingi kwa sababu ya mkunjo mmoja. Wakusanyaji duniani hutumia vifupisho kupima hali, na ni vizuri uvijue. UNC ni noti ambayo haijatumika kabisa: kona kali, hakuna mkunjo, wino unang'aa. AU ina dosari ndogo ya kushikwa. XF ina mikunjo michache isiyokata karatasi. VF imetumika lakini bado ina ugumu wake. F imechoka na kulainika, picha yote ikiwa bado inaonekana. Chini ya hapo ni noti za kukaa nazo tu mpaka upate bora zaidi.

Unapokagua, usitegemee macho ya haraka. Laza noti kwenye karatasi nyeupe, mwanga uje kwa upande. Mkunjo uliofichwa utatoa kivuli. Inua kwenye dirisha. Matundu ya pini yataonekana kama nukta za mwanga, na yako mengi kwenye noti zilizofungwa kwa mabunda zamani. Pitisha macho kwenye kingo ukitafuta mpasuko. Angalia kama kuna hesabu ya kalamu, muhuri wa duka, doa la mafuta. Kila kimoja kinapunguza bei, na muuzaji mwaminifu atakitaja kabla hujakiona.

Usiitengeneze, itunze

Hapa ndipo noti nyingi nzuri zinapouawa na watu wanaozipenda. Usiifue noti kwa sabuni. Usiipige pasi. Usiunganishe mpasuko kwa selotepu, kwa maana gundi hugeuka kahawia na kula karatasi. Usiifunge ndani ya laminesheni. Haitatoka tena ikiwa nzima. Usifute alama ya kalamu kwa kifutio. Noti iliyopigwa pasi inapoteza ule mgongo wa wino ulioinuka, na mnunuzi mzoefu anaugundua kwa kidole. Mkunjo wa miaka 50 ni dosari, lakini ni ya kweli. Kuuficha kunaongeza dosari ya pili.

Osha mikono, ikauke kabisa, ndipo uishike noti kwa kingo. Iweke kwenye mfuko wa plastiki ngumu na angavu aina ya poliesta, unaouzwa kwa wakusanyaji. Epuka albamu za picha zenye kurasa za kunata na mifuko laini yenye harufu kali ya plastiki: hiyo ni PVC, na kwa miaka michache hutoa unyevu wa mafuta unaoacha noti ikiwa inanata. Kama huna mfuko unaofaa, bahasha safi ya karatasi nyeupe ni salama zaidi ya plastiki mbaya. Usitumie pini, klipu wala mpira.

Wanaoishi pwani, Tanga, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, wana adui wa ziada, ambaye ni unyevu na chumvi ya hewani. Usiweke albamu ukutani upande wa bafu wala kwenye kabati la sakafuni. Weka ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri pakiti ndogo za kukausha unyevu, zile zinazokuja kwenye viatu vipya, na uzibadilishe kila msimu wa mvua. Fungua kisanduku mara kwa mara uangalie madoa ya ukungu na vidonda vya wadudu. Weka mbali na jua. Mwanga wa dirishani hula rangi nyekundu na zambarau kimya kimya.

Kununua bila kutapeliwa

Noti halisi, ukiacha zile za muda za wakati wa vita, imechapwa kwenye karatasi ya nyuzi za pamba, ndiyo maana ina mlio wake ikitikiswa. Pitisha ukucha kwenye picha ya kiongozi na kwenye jina la benki: wino umeinuka. Mistari midogo chini ya kioo cha kukuzia ni safi na haikatiki. Kwenye nakala ya mashine ya ofisini inavunjika kuwa vinukta vya rangi. Alama ya maji ina vivuli vya giza na mwanga ndani ya karatasi. Ya bandia imechorwa juu. Chini ya ile taa ya buluu ambayo maduka hutumia kukagulia fedha, karatasi ya kawaida huwaka nyeupe, ya noti hubaki imefifia. Jua tu kwamba noti halisi iliyofuliwa inaweza nayo kuwaka, kwa sababu sabuni zina kemikali za kung'arisha. Hapo utakuwa umegundua noti ya kweli iliyoharibiwa, na bei ishuke ipasavyo.

Matapeli wa fani hii wana wimbo mmoja. Wanatangaza kwamba tajiri wa nje ananunua noti fulani ya zamani, au rupia ya Mjerumani, kwa mamilioni, kisha wanakutaka utume ada ya ukaguzi, ya usajili au ya usafiri. Hakuna mnunuzi wa kweli anayemdai muuzaji alipe kwanza. Mtu akikutajia bei kubwa, mwombe namba ya orodha ya noti hiyo na hali anayoitaka. Kama hawezi kujibu, mazungumzo yameisha. Wala usichukue bei anayoitaja muuzaji kuwa bei ya soko; tafuta matokeo ya minada iliyokwisha kufanyika, bei ambazo mtu alilipa kweli, kwa noti ya aina ileile katika hali ileile.

Kabla ya kuuza noti ya familia, piga picha mbele na nyuma, mtu mwingine aitazame, upate walau maoni mawili yasiyotegemeana. Na kumbuka tofauti ya kisheria: noti ambayo bado ni fedha halali inalindwa na sheria dhidi ya kuharibiwa. Usiikate wala kuiandika kwa ajili ya pambo.

Daftari ni sehemu ya mkusanyiko

Nunua daftari lenye jalada gumu. Kwa kila noti andika nchi, thamani, rangi, namba ya orodha, namba iliyochapwa kwenye noti, majina ya sahihi, hali, tarehe uliyoipata na bei uliyoilipia. Kisha acha mistari michache kwa jambo ambalo hakuna orodha ya dunia itakayokupa: noti hii ilikuwa ya nani, naye aliipataje. Kama shangazi anasema noti ya kijani ilikuwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza katika shamba la mkonge la Korogwe, andika kwa maneno yake, siku hiyohiyo, na jina lake ukiliandika kwa ruhusa yake. Picha iliyo nyuma ya noti hiyo na maneno yake vinaelezana, na vikikaa pamoja vinakuwa ushahidi ambao mwanahistoria anaweza kuutumia.

Waoneshe watu wa nyumbani kwako daftari hilo na kisanduku kilipo. Makusanyo mengi mazuri yametupwa siku chache baada ya msiba kwa sababu waliobaki waliona makaratasi ya fedha isiyotumika. Chagua mmoja, awe mtoto au mpwa, umfundishe kusoma sahihi, kuinua noti kwenye mwanga na kuandika ukurasa wake mwenyewe katika daftari. Fanya hivyo mapema, mkusanyiko ukiwa bado mdogo kiasi cha kuelezeka wote kwa mchana mmoja.